"Power" kwa Kiswahili: nguvu, uwezo, mamlaka, madaraka au umeme?

Neno la Kiingereza "power" halichagui pa kukaa. Utalikuta kwenye katiba, kwenye bili, kwenye kitabu cha hesabu, kwenye mahubiri na kwenye kitufe cha kuwashia simu. Anayeandika au kutafsiri kwa Kiswahili hana neno moja la kulibeba lote. Ana nguvu, uwezo, mamlaka, madaraka, umeme, nishati, dola na kipeo, na kamusi nyingi humpangia maneno haya kwa mkato bila kumwambia achukue lipi. Basi wengi huchukua la kwanza. Ndiyo maana tunasoma kwamba kamati fulani "ina nguvu ya kumsimamisha mkurugenzi", na msomaji anabaki akijiuliza kama kamati hiyo itatumia barua au mabavu.

Silihesabu hilo kuwa kosa la mtindo tu. Neno likikosewa hapo, msomaji hajui tena haki ya kamati imetoka wapi wala nani anaweza kuizuia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni cha kitenzi. Badala ya kuanza na swali la maana, jiulize: mwenye nayo akiipoteza, tutasemaje? Nguvu humwishia mtu. Uwezo hupungua. Mamlaka huondolewa na sheria, au na yule aliyeyatoa. Madaraka mtu huvuliwa, au yeye mwenyewe hung'olewa madarakani. Umeme hukatika. Ukijaribu kuvibadilishana vitenzi hivi, useme mamlaka yamekatika au umeme umevuliwa, sikio linakataa papo hapo. Kitenzi kikikataliwa na sikio, rudi kwenye nomino uliyochagua, maana huenda tatizo liko hapo.

Nguvu au mamlaka?

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo makosa yenye madhara hutokea.

Nguvu ni yangu hata kama hakuna aliyenipa. Inakaa mwilini, kwenye injini, kwenye mkondo wa maji, kwenye umati wa watu. Mamlaka ni haki ya kuamua au kuamuru, na lazima pawe na aliyeitoa: katiba, sheria, mkutano mkuu, mzazi, Mungu. Jambazi mwenye bunduki ana nguvu, hana mamlaka. Hakimu aliyezeeka anaweza kushindwa hata kunyanyua faili la kesi lililo mezani pake, lakini ana mamlaka ya kumpeleka jambazi huyo gerezani. Kiingereza kitasema wote wawili wana "power" na kumwachia msomaji aelewe kwa muktadha. Kiswahili kinataka uamue.

Historia inaeleza kwa nini. "Power" iliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kilatini "posse", yaani kuweza. Kwa hiyo mzizi wake ulikuwa mpana tangu mwanzo: yeyote anayeweza, kwa misuli au kwa cheo, anayo. Kiswahili kilipata maneno yake kwa njia mbili tofauti. Nguvu ni ya Kibantu; Kinyarwanda nacho husema "ingufu". Mamlaka yalitoka Kiarabu, ambako neno hilo maana yake ni ufalme, na ukoo wake bado tunao: kumiliki, milki, malkia. Tukisema mamlaka, basi, kiti cha enzi kiko nyuma ya neno hata kama tunazungumzia karani wa forodha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua uko kwenye Injili ya Luka, sura ya 10, mstari wa 19. Toleo la King James la mwaka 1611 linatumia "power" mara mbili ndani ya sentensi moja: wanafunzi wanapewa "power" ya kukanyaga nyoka na nge, na juu ya "power" yote ya adui. Kigiriki kilikuwa na maneno mawili hapo, "exousia", ambayo ni haki au ruhusa ya kutenda, na "dynamis", ambayo ni nguvu. Watafsiri wa Union Version ya Kiswahili waliandika: "nimewapa amri ya kukanyaga nyoka na nge, na nguvu zote za yule adui." Adui ana nguvu. Wanafunzi wana amri. Mizani ya sentensi nzima iko kwenye tofauti hiyo, na katika Kiingereza cha King James tofauti hiyo haionekani.

Endelea na mistari mingine ambayo King James huweka "power", uone Kiswahili kinavyogawanya. Mathayo 28:18: "Nimepewa mamlaka yote mbinguni na duniani." Matendo 1:8: "mtapokea nguvu." Yohana 1:12: "aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu." Kwa hesabu yangu hapo tumeshapata amri, mamlaka, nguvu na uwezo kwa neno moja la Kiingereza. Na jambo linalonivutia zaidi ni kwamba Yohana 1:12 na Mathayo 28:18 kwa Kigiriki zote zina "exousia", lakini watafsiri hawakujifunga. Walitazama mpokeaji anakwenda kufanya nini. Anayetawala mbingu na nchi alipewa mamlaka. Anayefanyika mtoto hatawali mtu, basi akapewa uwezo. Ningependa kila mtafsiri wa nyaraka za ofisi afanye kazi kwa uangalifu wa namna hiyo.

Kuna kesi moja inayostahili kuangaliwa kwa karibu: "the power of the people". Watu wakiwa barabarani wanadai haki yao, hiyo ni nguvu ya umma, kwa sababu hakuna aliyewapa na hakuna anayeweza kuifuta kwa tangazo. Maneno hayo hayo yakiwa ndani ya katiba, ni mamlaka ya wananchi, kwa sababu pale yanaeleza chanzo cha haki ya kutawala. Ukiyabadilisha, katiba itasomeka kama wito wa maandamano na maandamano yatasomeka kama kikao.

Mamlaka au madaraka?

Haya mawili hukaribiana sana, na wapo waandishi wazuri wanaoyatumia kwa kubadilishana. Mimi nayatenganisha, kwa sababu lugha yenyewe imeshayatenganisha ukiisikiliza vizuri.

Madaraka yana umoja wake, daraka, yaani jukumu au wajibu uliokabidhiwa mtu. Kwa hiyo madaraka hushikamana na nafasi: mtu yuko madarakani, ameingia madarakani, amekabidhi madaraka, ameng'olewa madarakani. Hatusemi "yuko mamlakani". Mamlaka hushikamana na tendo, na ndiyo maana hupenda kufuatwa na kitenzi: mamlaka ya kukamata, mamlaka ya kutoza faini, mamlaka ya kutunga sheria. Waziri anaweza kuwa madarakani miaka mitano na asiwe na mamlaka ya kufuta leseni hata moja, kama sheria imempa mtu mwingine kazi hiyo. Sentensi hiyo huwezi kuiandika kwa neno moja ukaeleweka.

Tena mamlaka yanaweza kuwa chombo chenyewe, kama Mamlaka ya Mapato Tanzania. Madaraka hayawezi.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 8, inayaweka yote mawili katika kifungu kimoja: "wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi kwa mujibu wa Katiba hii." Tazama mpangilio. Wananchi hawana madaraka hapo, kwa sababu hawakalii kiti, wana mamlaka. Serikali ndiyo yenye vyote viwili, kiti na haki ya kutenda, na vyote imevipokea. Anayetafsiri kifungu kama hicho kwenda Kiingereza atatafuta maneno mawili. Anayetoka Kiingereza kuja Kiswahili, akikuta "power and authority", asidhani ni urembo wa kurudia.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Tarehe 1 Juni 1963 nchi ilipata serikali ya ndani, na siku hiyo huadhimishwa hadi leo kama Siku ya Madaraka. Uhuru kamili ulikuja tarehe 12 Desemba mwaka huo huo. Walioipa siku jina walichagua neno kwa usahihi kabisa: majukumu ya kuendesha nchi yalikuwa yamekabidhiwa, viti vimekaliwa, lakini enzi ilikuwa bado haijahama.

Tofauti hii inasaidia sana kwenye habari za makosa ya viongozi. Afisa akitumia ofisi yake kumpa ndugu yake zabuni, hayo ni matumizi mabaya ya madaraka: kiti ndicho kilichotumika vibaya. Afisa huyo huyo akibomoa nyumba bila idhini ya mahakama wakati sheria inaitaka, amevuka mipaka ya mamlaka yake, hata kama hakuna senti iliyoingia mfukoni mwake. Makosa mawili, na mwandishi anayeandika "matumizi mabaya ya nguvu" anayafanya yote mawili yaonekane kama kipigo.

Mwanahistoria wa Uingereza, Lord Acton, aliandika katika barua ya mwaka 1887 kwamba "power" huelekea kumharibu mtu, na ikiwa haina mipaka humharibu kabisa. Nimeona tafsiri zenye nguvu, na zenye mamlaka pia. Mimi ningeweka madaraka bila kusita. Acton alikuwa akizungumzia watu waliokaa kwenye viti vikubwa, mapapa na wafalme, na wasemaji wa Kiswahili wameshakuwa na kauli yao kwa jambo hilo hilo: madaraka hulevya. Kauli iliyo tayari vinywani mwa watu haifai kuachwa kwa ajili ya tafsiri ya kubuni.

Dola ni jirani wa hapo. Vyama hushika dola, majeshi ni vyombo vya dola. Litumie pale "state power" inapomaanisha utawala wa nchi nzima. Kwa mtu mmoja halifai sana. Yeye hushika madaraka. Na kwa kuondoka kwa hiari, Kiswahili hakihitaji nomino yoyote kati ya hizi, kwa kuwa kuna kung'atuka, kitenzi kilichoenea sana wakati Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985.

Uwezo

Uwezo ndio ulio karibu zaidi na mzizi wa Kilatini, na ndio mwepesi kuuchagua. Palipo na "power" ikifuatwa na jambo ambalo kiumbe au kitu kinaweza kulifanya, chukua uwezo: uwezo wa kusema, uwezo wa kuona gizani, uwezo wa dawa kuua vijidudu. "Purchasing power" ni uwezo wa kununua. Wafanyakazi kwa ujumla wao, hata hivyo, ni nguvukazi, na hapo mazoea ya lugha yameshaamua.

Mtego uko kwenye "powerful". Ukiandika kwamba fulani ni mtu mwenye uwezo, wengi wataelewa kuwa ana fedha. Mwenye nguvu, wataelewa ana misuli. Mwenye madaraka ana cheo. Mwenye ushawishi hana lazima ya cheo wala fedha, lakini akisema watu hufuata. Kwenye magazeti mtu huyo akiwa na vyote kwa pamoja huitwa kigogo. Usitafsiri "a powerful man" kabla hujajua ana nini kati ya hivyo. Kama matini ya Kiingereza haisemi, soma aya inayofuata, kwa kawaida jibu liko humo.

"Empower" nayo hugawanyika vivyo hivyo. Linganisha:

Mradi wa mafunzo na mitaji kwa wanawake: unawawezesha wanawake.
Kifungu cha sheria kuhusu waziri: kinampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni.

Ukiandika kwamba sheria "inamwezesha waziri", si kosa la sarufi, lakini msomaji anaweza kudhani amepewa bajeti au magari. Na ukisema mradi "unawapa wanawake mamlaka", umeahidi jambo ambalo mafunzo ya ushonaji hayawezi kulitoa. Hilo la pili linaniuma zaidi, kwa sababu ripoti nyingi huliandika, na wanawake wenyewe wanaposoma hawaoni hayo mamlaka yako wapi.

Umeme, nishati na wati

Kwenye nyumba na ofisi, "power" ni umeme. Nchini Kenya wengi husema stima. "Power cut" ni umeme kukatika, na ukikatwa kwa zamu ni mgawo. Hapa hapahitaji maneno mengi.

Panapohitaji ni kwenye sayansi. Kinachosukuma au kuvuta kitu ni kani. Kinachowezesha kazi kufanyika ni nishati. "Power" ya kisayansi ni kasi ya kutumia au kutoa nishati hiyo, na hupimwa kwa wati: wati moja ni juli moja kwa kila sekunde. Mtu akichanganya hapo anaweza kutoa ushauri wa hasara. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 10 inatumia kilowati-saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inatumia kiasi kile kile. Wati zao zinatofautiana mara 10, nishati iliyotumika ni sawa, na mita huhesabu nishati. Kwa hiyo sentensi ya Kiingereza inayosema kifaa fulani kina "high power" iandike kwa kipimo chake: kifaa cha wati 2,000. Kipimo kinaondoa utata ambao nomino peke yake haiwezi kuuondoa. Kwa injini, nguvu za farasi zimezoeleka. Moja ni takribani wati 746.

"Solar power" ina njia mbili. Nishati ya jua ni pana, inaingiza hata mtambo wa kupasha maji au wa kukaushia mazao. Umeme wa jua ni ule unaotoka kwenye paneli. Kampuni inayouza paneli inauza umeme wa jua.

Halafu kuna "nuclear power", ambayo inaweza kumkwaza hata mtafsiri mzoefu. Kwenye habari za uzalishaji umeme ni nishati ya nyuklia. Kwenye habari za kijeshi, "a nuclear power" ni nchi yenye silaha za nyuklia, na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, unazitambua nchi 5 tu kwa sifa hiyo: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Nchi inaweza kuwa na vinu vingi vya umeme wa nyuklia bila kuwa na bomu hata moja. Japani ni mfano. Ukiiita Japani taifa la nyuklia bila kufafanua, umeipa silaha isiyokuwa nayo.

Kipeo, turufu na mengineyo

Kwenye hesabu hakuna mjadala: kipeo. 2 kwa kipeo cha 5 ni 32. Angalia tu usikiandike kipeuo, ambacho ni safari ya kurudi: kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Herufi moja inageuza jibu.

Baadhi ya tungo hazitaki nomino yoyote kati ya tulizozilinganisha. "Veto power" ya wanachama 5 wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ni kura ya turufu, na anayeandika "nguvu ya kura ya turufu" ameongeza neno lisilo na kazi. "Willpower" ni utashi au nia thabiti. "Staying power" ni ustahimilivu. "Power of attorney" inaelezeka vizuri zaidi kwa kusema ni hati inayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine. Katika mkataba ueleze hivyo mara ya kwanza, kisha uite hati hiyo kwa kifupi. "Pawa" yenyewe imeshaingia kwenye mazungumzo, na kwenye mazungumzo haina ubaya. Kwenye hati sioni faida yake, kwa sababu inarudisha utata ule ule uliotufanya tuanze kuchagua.

Kwa nyaraka za kisheria kuna tahadhari moja zaidi. Ukishachagua mamlaka kwa dhana fulani katika kifungu cha 2, usihamie madaraka katika kifungu cha 7 kwa kuogopa kurudia neno. Katika hadithi kubadilisha maneno kunapendeza. Katika mkataba, wakili wa upande wa pili atauliza kwa nini yako maneno mawili, na atataka kila moja lipewe maana yake.